Masika ya Kubeba Mchanga

Harufu ya chokaa mbichi hunipandisha mori mpaka leo. Wenzangu ikiwafikia puani hukumbuka Idi, au harusi, au nyumba mpya ya jirani. Mimi hukumbuka njia yetu ya kwenda pwani kule Likoni, na masika ya mwaka niliokuwa darasa la sita, nikiwa msichana wa miguu mirefu na mdomo mrefu zaidi, ambaye kila siku alirudi nyumbani na ndara moja mkononi na nyingine haijulikani ilikobaki. Nasema mori, lakini si ule wa kununa na kujifungia chumbani. Ni ule unaomwinua mtu kitini akajifunga leso kiunoni na kutoka nje. Mwaka ule kitongoji kizima kilitoka nje, wanawake kwa leso na wanaume kwa vikoi vilivyokazwa, na asiyekuwapo akisimuliwa hudhani tulikuwa tukicheza tu.

Njia yenyewe haikuwa na fahari yoyote. Ilianzia nyuma ya msikiti wetu mdogo, ikapita kati ya minazi, ikakata shamba la mikorosho, ikapita ubavuni mwa makaburi, kisha ikafika mahali ambapo ardhi huisha ghafla na jabali la matumbawe huteremka hadi mchangani. Pale kwenye jabali ndipo wageni walipokuwa wakisimama na kutazamana. Sisi hatukusimama. Ulitanguliza mguu wa kushoto ukauweka kwenye kishimo cha kwanza, wa kulia ukapata chake, na hivyo hivyo mpaka chini, bila kushika kitu na bila kutazama. Hakuna aliyenifundisha. Nilishuka pale nikiwa mgongoni mwa mamangu, kisha nikashuka nikiwa nimeshika leso yake, kisha nikashuka mwenyewe, na vishimo vile vilikuwa laini chini ya unyayo, vyenye ubaridi hata wakati wa jua kali.

Mamangu alishuka karibu kila siku, beseni kichwani na shuka kuukuu begani, kwenda kunasa uduvi. Wanawake wawili hushika shuka huku na huku, wakaliburura kwenye maji ya magotini, wakaliinua kwa pamoja, na uduvi ukabaki katikati ukirukaruka. Ukianikwa, ua mzima hunuka, na nguo za shule hunuka, na mtoto wa mnasa uduvi hujulikana darasani kabla hajafika mlangoni. Sikuona haya. Uduvi ule ndio ulionivisha hiyo sare. Hata watu wa vyumba vya kupanga ng'ambo ya barabara, watu wa bara waliokuja kwa kazi za bandarini na viwandani, walikuwa na haja zao na njia ile. Mama Achieng, jirani yetu mkubwa wa umbo na wa sauti, aliipita kila alasiri kwenda kununua samaki wa kukaanga, na waumini wa kanisa lake walibatizwa huko huko pwani, wakarudi wamelowa wakiimba ubavuni mwa makaburi yetu. Hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake anapitia nini.

Kisha shamba la mikorosho likauzwa. Aliyelinunua hatukumwona kamwe. Tuliyemwona ni wakala wake, bwana wa miwani myeusi na viatu vinavyong'aa, aliyekuja na lori la nguzo na seng'enge akazungusha shamba pande zote, akabakisha mianya miwili tu, pale njia ilipoingia na pale ilipotokea. Mianya hiyo nayo aliibakisha kwa shingo upande. Watu walikuwa wamekwenda kwa chifu wakapiga kelele, na chifu, mtu asiyependa kelele, akatoa uamuzi uliomfaa yeye: mpimaji wa ardhi atakuja masika yakiisha, atatembea shambani, na atachora anachokiona. Akikuta njia ya watu, itabaki njia ya watu. Akikuta nyasi, basi ni shamba la mtu. Wakala alikubali papo hapo, akatabasamu, na wazee wakadhani wameshinda.

Aliyeelewa lile tabasamu ni shangazi yangu Mwanamisi, dada mkubwa wa babangu. Shangazi aliuza mahamri asubuhi na viazi vya karai jioni, na kati ya hayo mawili aligombana na yeyote aliyekuwa karibu. Yeye alijua masika ya kwetu yanavyofanya kazi. Acha njia wiki mbili bila kupitwa, ndago zinachomoza. Acha mwezi, upupu unatambaa kutoka kando hadi kando. Acha mvua ziishe zote, na mpimaji wako atakuta kijani kitupu. Na wakala alihakikisha tunaiacha. Wiki ile ile mvua zilipoanza, ilitokea tuktuk mpya ya manjano pale msikitini, ikiwachukua akina mama na mabeseni yao hadi pwani kwa barabara ya lami, mzunguko mrefu wa kuzunguka mashamba yote, kwenda na kurudi, bure kabisa. Bwana mwenye shamba, tuliambiwa, anawahurumia kina mama wasitembee matopeni.

Ukweli ni kwamba tuktuk ile ilikuwa raha. Nitawatetea waliopanda, maana mvua za masika si mchezo, na beseni la uduvi mbichi si unyoya. Mmoja alipanda, wakapanda watatu, na baada ya siku chache njia ilibaki ya mamangu peke yake, mimi nikimfuata nyuma, na Mama Achieng aliyesema hapandi kitu ambacho hajui nani analipia mafuta. Dereva alikuwa kijana wa hapo hapo kwetu, akawa anapunguza mwendo kila akimwona mamangu. Siku moja mvua ikinyesha kwelikweli alisimama, akatoa kichwa nje. "Shikamoo, mama. Panda basi, mvua yatumaliza." Mamangu akaitikia marahaba, akamshukuru, akamwambia, "Mie miguu yangu haijaharibika, mwanangu. Ikiharibika n'takwita." Akaingia kwenye mwanya wa seng'enge. Nilikuwa nimelowa mpaka kwenye mfupa na nilitamani kulia, lakini nilimfuata. Ndago zilikuwa zimeshaanza kutuchoma vifundoni.

Jioni ile shangazi alisikia habari hiyo akikoroga viazi vyake, akazima jiko na wateja wamejaa. Alitoka akasimama kando ya barabara, upande mmoja nyumba za wenyeji, upande wa pili vyumba vya kupanga, akaanza kusema kwa sauti ya kusikika pande zote mbili. Hakusema neno moja juu ya wakala wala mpimaji. Alisema kwamba amesikia watoto wa vyumbani wakijisifu kwamba wenyeji ni wavivu, hawawezi kukimbia hata mpaka pwani. Akageuka akasema amesikia pia wenyeji wakidai watu wa bara wanaogopa maji na hawawezi kushuka jabali. Hakuwa amesikia lolote kati ya hayo. Kisha akaweka sharti. Kila atakayekwenda pwani na kurudi kwa njia ya shambani, awe anakimbia au anatembea, mkubwa kwa mdogo, arudi na konzi moja ya mchanga wa baharini, aumwage mbele ya nyumba yake shangazi, wenyeji kulia, wapangaji kushoto. Masika yakiisha, upande wenye kilima kidogo utaupikia upande wa pili pilau. "Na mchanga n'tauonja mie mwenyewe," alisema, akarudi kuwasha jiko.

Kesho yake alfajiri, mimi na Achieng binti wa Mama Achieng tulikutana kwenye mwanya wa seng'enge tukitazamana kwa ubaya. Tulikuwa darasa moja na hatukuwa tumewahi kusemezana zaidi ya kuazimana kalamu. Alikuwa mfupi, mwenye mapaja ya nguvu, na alikimbia kichwa kikiwa chini akipumua kwa kelele. Mimi nilikuwa mwepesi zaidi tambarare. Alinishinda kwenye matope, nikampita kwenye mikorosho, akanifikia makaburini ambako niliogopa kukimbia kwa heshima ya waliolala, na tukafika jabalini bega kwa bega. Hapo nilidhani nimemweza. Achieng akatupa mguu wa kushoto kwenye kishimo cha kwanza, akateremka bila kutazama. Nilisahau kwamba naye alikuwa amelelewa mgongoni kwenye njia ile ile.

Ndivyo ulivyoanza msimu mtamu kuliko yote niliyoishi. Nyumba zilizokuwa zikipanda tuktuk zilianza kuona aibu, si kwa sababu ya njia, bali kwa sababu kilima cha wapangaji kilikuwa kikikua kuliko chetu. Imamu wetu alionekana akitembea baada ya sala ya alfajiri na ngumi iliyofumbwa, mchanga ukimvuja kati ya vidole. Kwaya ya kina Mama Achieng ilihamishia mazoezi yake njiani, wakaenda wanaimba na kurudi wanaimba, kila mmoja na konzi yake. Wafanyakazi waliotoka zamu ya usiku, macho mekundu, waliteremka kwanza kabla ya kulala. Tulichubuka, tuliteleza, tuliwashwa na upupu mpaka tukajipaka majivu mwili mzima, na mvua ilipokuwa kubwa ndipo watu walipokuwa wengi, maana kila upande uliamini mwenzake amejifungia ndani. Matope yakawa yanakanyagwa yakiwa bado mabichi. Ndago zilichomoza kichwa zikakanyagwa. Dereva wa tuktuk alisinzia msikitini siku nzima, mwisho akaiegesha, akaja naye na konzi yake, akauliza kwa adabu amwage upande gani, kwa kuwa amepanga chumba lakini mama yake ni mwenyeji. Kesi yake ilijadiliwa jioni mbili.

Udanganyifu haukukosekana. Kulikuwa na nyumba inajengwa karibu na barabara, na vijana wawili wa upande wetu, ambao sasa ni baba za watu na sitawataja, walichota mchanga wa ujenzi wakaja nao wakihema kwa uongo. Shangazi alichovya kidole, akaweka ulimini, akawatazama. "Huu hauna chumvi," alisema. Akawatuma tena, na safari hii akawataka walete konzi mbili kila mmoja, na wakimwaga wamwage upande wa wapangaji. Vilio vilisikika kwetu, nderemo zikasikika ng'ambo, na kuanzia hapo kila mtu alileta mchanga wenye maji ya bahari ungali unadondoka.

Wakala alipita mara moja tu katikati ya mvua. Alisimama kwenye mwanya, akatazama njia iliyokuwa imepanuka mara mbili ya ilivyokuwa tangu niijue, akatazama kundi la watoto na wazee na kwaya, na lile tabasamu lake halikutokea. Nilimpita nikikimbia nikamrushia tope kidogo kwenye suruali. Sikukusudia, lakini sikuhuzunika pia.

Sasa nije kwenye chokaa. Habari zilipofika kwamba mpimaji anakuja kesho, watu wa kwetu walifanya wanachofanya watu wa kwetu mgeni anapokuja. Walifagia. Wanawake walianza nyuma ya msikiti na mafagio ya njukuti, wakafagia njia nzima mpaka makaburini, majani yakaondolewa, mizizi ikakatwa, mashimo yakajazwa udongo mwekundu. Kisha mtu akasema haipendezi mgeni apite njia isiyo na mpaka, tukatumwa kuokota mawe. Tukayapanga pande zote mbili kwa usawa, na wanaume wakakoroga chokaa kwenye pipa tukayapaka, jiwe moja moja, mpaka giza likaingia. Mimi na Achieng tulipaka pamoja na brashi moja. Njia iling'aa. Tulilala tukijisifu.

Asubuhi mpimaji alifika, kijana mtulivu mwenye kofia na chombo chake cha miguu mitatu, wakala akiwa pembeni. Wakala alisimama nyuma ya msikiti akavuta pumzi kwa pua, taratibu, kama mtu anayenusa pilau. Tabasamu likarudi. "Bwana mpimaji, harufu peke yake inakwambia," alisema. "Hii njia imezaliwa jana." Aliinama akagusa jiwe, akainua kidole cheupe. Akaeleza kwamba hata mbio zenyewe zilianzishwa mvua zikinyesha, kila mtu anajua, na ushahidi ni vile vilima viwili vya mchanga mbele ya nyumba ya yule mama. Katika hayo ya mbio hakusema uongo hata mmoja. Shangazi alimjia juu. "Wallahi, bwana we, chokaa ni ya jana, njia si ya jana." Wakala akamwambia mpimaji aandike hapo kwamba mama amekubali chokaa ni ya jana. Mpimaji aliandika kitu. Tulikuwa tumeifanya njia yetu nzuri mpaka ikafanana na uongo.

Tukatembea wote nyuma ya mpimaji, kati ya mawe yetu meupe. Alipima, akaandika, akapima. Tulipofika jabalini wakala alitangulia kumwonyesha kwamba njia haiendi popote, inaishia hewani. Viatu vyake vilivyong'aa vilikanyaga matumbawe yenye unyevu, mguu wa kulia mbele, akateleza akakaa chini kwa kishindo. Hakuna aliyecheka kwa sauti. Na ni wakati huo mamangu alipofika kutoka nyuma ya kundi, beseni kichwani na shuka begani. Hakuja kwa kesi. Maji yalikuwa ya magotini na alikuwa amechelewa. Alisema "Hodi, jamani," watu wakampisha, akampita wakala pale alipokaa, akatanguliza mguu wa kushoto, akateremka mikono ikining'inia, macho yake yakitazama bahari. Nyuma yake Mama Achieng, na kikapu chake. Kushoto, kulia, kushoto. Nyuma yake imamu. Nyuma yake mimi, kisha Achieng, kisha dereva wa tuktuk, kila mguu ukiingia kwenye kishimo kile kile bila mtu kuinamisha kichwa.

Mpimaji alichuchumaa. Akamwita mamangu, ambaye alikuwa ameshafika mchangani, akamwomba kwa adabu apande ashuke tena ili aone vizuri. Mamangu alimjibu bila kusimama. "Maji yajaa, babangu. Wataka kuona, kesho n'tashuka tena." Akaendelea na safari yake. Mpimaji alikaa kidogo akimtazama anavyopungua ufukweni. Kisha akavua viatu, akavua soksi, akakunja suruali, na akaweka unyayo wake wa kushoto kwenye kishimo cha kwanza. Kilimmeza mpaka kwenye kifundo. Aliuliza ni nani aliyevichonga, na shangazi akamwambia havikuchongwa, ni nyayo za watu. Hakuuliza tena. Alishuka mpaka chini, polepole, akavipima vyote kimoja kimoja, na chokaa hakuitaja siku ile.

Pilau ilipikwa na pande zote mbili, kwa sababu vilima viligoma kutofautiana na hakuna aliyekubali kushindwa. Miezi mingi baadaye ramani ilitoka na njia yetu imo, nyembamba, yenye upana wa wanawake wawili wenye mabeseni. Ndiyo tuliyopewa. Mikorosho ilikatwa yote. Leo kuna kuta ndefu huku na huku, zenye vipande vya chupa juu, na nyuma ya kuta kuna maghorofa ya wageni wa likizo. Upepo uliokuwa ukitupiga kifuani hauingii tena, na mchana njia ina joto la tanuri. Ukisikia mtu anasema tulishinda, mwambie aje apite saa saba. Hata hivyo kila masika tunakimbia. Nimehamia Kisauni, nafanya kazi ofisini, nina viatu vya mbio vyenye soli laini na simu inayonihesabia mwendo wangu kwa sauti ya mwanamke asiyejua anakokwenda, lakini nikifika msikitini vyote hivyo naviacha nyumbani kwa shangazi. Watoto wa siku hizi wanajipiga picha mpaka jabalini, na konzi ya mchanga wanaleta vile vile. Daktari amemkataza shangazi chumvi, kwa hiyo siku hizi anayeonja ni mimi.

Mwaka huu shangazi alinipigia simu mvua za kwanza zilipodondoka. "Wametufungia," alisema. Nikamuuliza nani. "Sijui nani. Njoo na miguu." Nilikuta lango la chuma pale njia inapoingia kati ya kuta, jipya, lenye kufuli na kibao cha kusema ni kwa ajili ya usalama. Tulikwenda kwa chifu wa sasa na ramani, akaahidi kulishughulikia, na Jumamosi ya mbio ikafika hajalishughulikia. Watu walijaa nyuma ya msikiti, wenyeji kulia na wapangaji kushoto. Juu ghorofani mtu akatoka barazani na kikombe chake, akauliza kama tuna ruhusa. Achieng, ambaye sasa ni fundi wa kuchomelea vyuma kule Changamwe na hupumua kwa kelele vile vile, aliliendea lango. Alilikagua mara moja, akasema aliyelifunga ni mvivu, hakuchomelea bawaba. Akatoa spana mfukoni. Tulilibeba watu sita, kwa utaratibu, bila kulikwaruza, kufuli likiwa limefungwa vizuri, kisha tukarudi kwenye mstari na tukakimbia.

Mwanya uko wazi hadi leo ninapoandika. Lango liko uani kwa mamangu, limelazwa juu ya matofali na kutandikwa chandarua. Magoti hayamruhusu tena kushuka jabali, lakini wenzake humletea uduvi mbichi naye huuanika hapo, na anasema hajawahi kupata kichanja kizuri kama hicho, upepo unapita juu na chini. Mwenye lango akilitaka hatutamnyima. Aje atalikuta, ila apite kwanza pwani, na konzi yake ya mchanga nitaionja mwenyewe.